Mishipa ya Moyo Haisubiri Uzee

Mwaka 1953 madaktari watatu wa jeshi la Marekani, William Enos, Robert Holmes na James Beyer, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowashtua wenzao. Walikuwa wamechunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa askari hao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana wenye nguvu, walioonekana wazima kiasi cha kupelekwa vitani. Hata hivyo, katika mioyo 77 kati ya kila 100, madaktari waliona mabadiliko kwenye mishipa inayoupelekea moyo damu. Kwa wengine ukuta wa mshipa ulikuwa umenenepa kidogo tu. Kwa wachache mshipa ulikuwa umeziba kabisa.

Miaka 22 ni umri wa wenzetu wa mwaka wa nne hapa chuoni.

Katika nyumba nyingi tulizokulia, ugonjwa wa moyo ni habari ya wazee. Presha ni ya baba, sukari ni ya shangazi, na kijana akisema anataka kwenda kupimwa anaulizwa, "Unaumwa nini?" Asipoumwa, safari imeishia hapo. Makala haya yana hoja moja: ugonjwa wa mishipa ya moyo huanza katika umri wetu, bila maumivu, na ni katika miaka hii ambapo juhudi ndogo huleta faida kubwa. Na kwa sisi watoto wa Waswahili tuliokulia Marekani, sehemu ya juhudi hiyo haiwezi kufanywa kwa Kiingereza. Tutaeleza kwa nini.

Ndani ya ukuta wa mshipa

Watu wengi huufikiria mshipa wa damu kama bomba la maji linaloota kutu mpaka likaziba. Picha hiyo ni rahisi kuikumbuka, lakini inapotosha. Mafuta hayagandi juu ya ukuta wa mshipa, bali yanaingia ndani yake. Mfano unaofaa zaidi ni ukuta wa nyumba za zamani za Unguja au Lamu. Unyevu huingia ndani ya ukuta, chokaa huvimba taratibu, nawe huoni tatizo mpaka siku kipande kinapobanduka na kuanguka.

Mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini huitwa ateri. Kwa ndani, ateri imefunikwa na safu moja ya seli laini. Lehemu, ambayo wengi wetu tunaiita kolesteroli, husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na chembe ndogo sana za mafuta na protini. Aina moja ya chembe hizo huitwa LDL. LDL ikiwa nyingi, au ile safu laini ikiwa imeumizwa na moshi wa sigara, presha ya juu au sukari nyingi, chembe hizo hupenya na kubaki ndani ya ukuta. Mwili huziona kama wavamizi na kutuma chembe nyeupe za damu, ambazo humeza mafuta hayo mpaka zikajaa na kuonekana kama povu. Zikikusanyika nyingi, huonekana kwa macho kama mistari ya manjano. Madaktari huiita michirizi ya mafuta.

Michirizi hii haizuii damu kupita. Haiumi. Tena inaweza kupungua au kutoweka. Hatari huja katika hatua inayofuata, pale nyuzi na seli za misuli zinapojijenga juu ya mafuta hayo na kuyafunika kwa kifuniko kigumu. Mwanzoni mshipa hutanuka kwa upande wa nje, kwa hiyo njia ya damu hubaki wazi na mtu huendelea kucheza mpira bila kuhisi lolote. Miaka hupita. Siku kifuniko kinapopasuka, damu huganda juu ya ufa ule kwa muda mfupi tu. Bonge la damu likiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Kwa hiyo mtu anayeanguka akiwa na miaka 50 huenda alianza safari hiyo akiwa na miaka 20. Tunaona siku ya mwisho tu, tunasema, "Alikuwa mzima jana."

Walivyojua hayo katika mji wa Bogalusa

Bogalusa ni mji mdogo katika jimbo la Louisiana, mji wa kiwanda cha karatasi. Mwaka 1973 Daktari Gerald Berenson, ambaye ni mzaliwa wa hapo, alianza kuwapima watoto wa mji ule, weusi kwa weupe: urefu, uzito, presha na mafuta ya damu. Watoto walipimwa tena na tena walipokuwa wakikua. Katika miaka hiyo baadhi yao walifariki wangali vijana, wengi wao kwa ajali, na miili yao ikachunguzwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Walichunguzwa watu 204 waliofariki wakiwa na umri kati ya miaka 2 na 39, na 93 kati yao walikuwa na vipimo vya zamani walivyochukuliwa wangali hai. Sasa iliwezekana kulinganisha vipimo vya mtoto na hali ya mishipa yake. Kwa wale ambao hawakuwa na jambo lolote la hatari, yaani uzito, presha na mafuta ya damu vyote vilikuwa vizuri, michirizi ilifunika asilimia 1.3 ya eneo la ndani la mishipa ya moyo. Kwa wale waliokuwa na mambo matatu au manne ya hatari kwa pamoja, ilifunika asilimia 11. Na ule uvimbe mgumu, ambao ndio wa kuogopwa zaidi, ulikuwa mara 12.

Somo la kwanza la Bogalusa ni kwamba hatari zikikutana, madhara hukua haraka. Presha iliyopanda kidogo peke yake ni jambo moja. Presha iliyopanda kidogo, pamoja na uzito ulioongezeka kidogo, pamoja na lehemu iliyo juu kidogo, ni jambo jingine kabisa, hata kama kila kimoja kikitazamwa peke yake hakitishi.

Somo la pili ni la matumaini. Mwaka 2012 madaktari wa jeshi walichapisha uchunguzi mwingine, safari hii wa wanajeshi 3,832 waliofariki kati ya 2001 na 2011 katika vita vya Iraki na Afghanistani. Waliokutwa na mabadiliko katika mishipa ya moyo walikuwa asilimia 8.5. Watafiti wenyewe walionya kwamba askari wa sasa na wale wa Korea hawawezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini walitaja pia kwamba uvutaji wa sigara, presha na lehemu vimepungua Marekani tangu miaka ya hamsini. Kilichoonekana Korea hakikuwa majaaliwa ya ujana.

Kuhama, chumvi na presha

Utafiti mwingine wa Marekani unaotuhusu uliitwa CARDIA. Ulianza mwaka 1985 kwa kuwafuatilia vijana 5,115, weusi na weupe, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, katika miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Baada ya miaka 20, watu 27 kati yao walikuwa wameshapata ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, wengi wao hawajafika miaka 45. Kati ya hao 27, weusi walikuwa 26. Watafiti walipotazama nyuma, walikuta kwamba dalili zilikuwepo mapema: presha iliyopanda wakiwa katika miaka ya ishirini, uzito mkubwa, na figo zilizoanza kuchoka. Presha iliyoachwa bila kutibiwa ndiyo iliyojitokeza sana. Hilo ni jambo linalopimika kwa dakika mbili.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Katika miaka ya themanini watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo wenye umri wa miaka 15 hadi 34 waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema sana baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi, na potasiamu, ile inayopatikana katika mboga na matunda, ilikuwa imepungua ikilinganishwa na chumvi hiyo.

Ikiwa safari ya basi kutoka kijijini hadi Nairobi ilitosha kuipandisha presha, itakuwaje safari ya wazazi wetu kutoka Mombasa, Bukavu au Mwanza hadi Minneapolis?

"Mbona Wamasai wanakunywa maziwa?"

Kila tunapozungumza habari za mafuta, hakosekani mtu wa kuuliza swali hili, kwa hiyo tulijibu. Ni kweli kwamba Daktari George Mann kutoka Marekani aliwapima wanaume wa Kimasai katika miaka ya sitini na kukuta lehemu yao iko chini, pamoja na kuishi kwa maziwa na nyama. Sehemu hiyo ya hadithi inajulikana sana. Sehemu inayosahaulika ni kwamba mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, wakakuta kwamba kuta za mishipa yao zilikuwa na mafuta na unene kama wa Wamarekani wazee. Tofauti ilikuwa kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka sana, kwa hiyo damu ilipata njia. Mann aliona kwamba sababu ni mazoezi ya mwili ya maisha yao yote, kutwa wanatembea na mifugo.

Anayetaka kujitetea kwa Wamasai basi ajitetee kwa yote mawili: maziwa, na pia kilomita. Kutoka bwenini hadi maktaba haitoshi.

Yaliyo mikononi mwetu

Umri na ukoo hatuvichagui. Lakini yako mambo tunayoyachagua kila siku.

La kwanza ni moshi. Vijana wengi wa Kiswahili huku hawavuti sigara, na wazazi wangeshtuka wakiwaona nayo. Shisha, hata hivyo, imekaa kama jambo la adabu, kwa sababu inanukia tufaha na inavutwa pamoja na jamaa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kikao kimoja cha shisha mtu anaweza kuvuta moshi mwingi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Maji hayausafishi. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016 na Kenya ikatangaza marufuku yake mwaka 2017, wakati huku bado tunaihesabu kuwa burudani ya Ijumaa usiku. Sigara za umeme nazo zina nikotini, na nikotini hupandisha presha na mapigo ya moyo.

La pili ni chumvi. Shirika hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Pakiti moja ya zile tambi tunazokula saa sita za usiku wakati wa mitihani mara nyingi huwa na zaidi ya nusu ya kiasi hicho.

La tatu ni mafuta. Hapa hatutaki kuyashtaki mapishi ya nyumbani. Tui la nazi na samli vina mafuta yanayopandisha LDL, hilo ni kweli, na mafuta ya mgando ya kukaangia nayo si bora. Lakini chakula cha Waswahili si biriani na sambusa tu. Ni kunde, mbaazi, maharage, mchicha, samaki, dona, kachumbari, mapapai na machungwa. Wazazi wetu walipokuwa wadogo, pilau ilikuwa ya sikukuu. Sisi tumeichukua sikukuu tukaifanya ya kila wiki, na zile mboga za siku za kawaida tukaziacha uwanja wa ndege.

La nne ni kutembea: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, au zaidi. La tano ni usingizi, ambao mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza rasmi katika orodha yake ya mambo 8 yanayolinda moyo. Tunajua wanafunzi mtacheka mkisoma hili. Wahadhiri wetu wakisoma, labda watakumbuka wanapopanga tarehe za kukusanya insha.

Kuuliza nyumbani

Hii ndiyo sehemu inayotuhusu sisi zaidi kuliko wanafunzi wengine. Ukienda kwa daktari unapewa fomu. Fomu inauliza kama kuna mtu katika familia aliyepata ugonjwa wa moyo mapema. Mapema maana yake ni kabla ya miaka 55 kwa baba au kaka, na kabla ya miaka 65 kwa mama au dada. Wengi wetu tunaandika "hapana" kwa sababu hatujui. Wanaojua wako Tanga, Kisumu au Goma, na wanajua kwa Kiswahili.

Mmoja wetu alimpigia simu bibi yake, Tanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, katika ukoo wetu yupo aliyekuwa na ugonjwa wa moyo?"

"Hapana, mwanangu. Sisi moyo hatuna."

"Na babu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Babu yako alikuwa na presha tu. Siku ile alisema kifua kinambana, akaenda kujilaza. Hakuamka tena."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ah, miaka! Mwaka wa vita vya Amin ndipo tulipooana, naye alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alipofariki, mama yako alikuwa darasa la sita."

Fanya hesabu mwenyewe. Vita vya Amin vilikuwa 1978 na 1979, na mama alizaliwa mwaka uliofuata. Babu hakufika miaka 45. Kwa mjukuu ni babu, lakini kwa mama yake huyo ni baba mzazi, na mama hakuwahi kuambiwa lolote zaidi ya kwamba baba alifariki usingizini. Juma lililofuata mama alikwenda kupimwa presha. Sasa anatumia dawa.

Simu ile ilitufundisha mambo kadhaa, na tunayapanga hapa ili nanyi muyatumie.

Usiulize habari za "ugonjwa wa moyo" peke yake. Uliza mambo yalivyokuwa: Je, alibanwa na kifua? Aliishiwa pumzi? Miguu ilivimba? Aliambiwa moyo umetanuka? Alipooza upande mmoja? Wazee wengi hawahesabu presha, sukari wala kiharusi kuwa vinahusiana na moyo.

Uliza umri kwa matukio, si kwa namba. Nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa shuleni, nani alikuwa rais.

Hakikisha ni ndugu wa namna gani. Kwetu baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, mama mdogo ni mama, na mtoto wa baba mdogo ni kaka. Fomu ya daktari haijui heshima hiyo. Inamtaka baba mzazi na ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo uliza, "Huyu kaka ni wa baba na mama mmoja?"

Muulize mama kama alipata presha alipokuwa mjamzito, au kifafa cha mimba. Wanawake waliopata hali hizo wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, na mara nyingi hakuna aliyewaambia.

Na ukiambiwa kwamba mtu "alikuwa na moyo" tangu utotoni, uliza zaidi. Afrika Mashariki bado kuna ugonjwa wa moyo unaotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa kwa watoto, unaoharibu milango ya moyo. Huo ni ugonjwa mwingine, na daktari atataka kujua tofauti.

Kabla hujamaliza chuo

Presha nzuri kwa mtu mzima ni chini ya 120 kwa 80. Hapa Marekani, kuanzia 130 kwa 80 inahesabiwa kuwa imepanda, wakati nchi nyingi huhesabu kuanzia 140 kwa 90. Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Pima zaidi ya siku moja, ukiwa umekaa na kutulia.

Lehemu hupimwa kwa damu. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 20, kisha kila baada ya miaka 4 hadi 6 kama hakuna tatizo. Wembamba si kinga. Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na lehemu ya juu ya kurithi, hata akila mchicha kila siku, na akigunduliwa mapema anatibika. Ukiwa chini ya miaka 26 huenda bado uko kwenye bima ya wazazi wako. Tumia nafasi hiyo kabla haijapita.

Katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, mashine ya kupimia presha itakuwa mezani kando ya birika la chai. Wahadhiri wanakaribishwa pia. Ila simu kwa bibi au nyanya haihitaji kungoja muhula. Jumapili kabla ya adhuhuri huku, kwao ni jioni, wamemaliza kazi na wanapenda kuzungumza.

Msamiati

Ateri: mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini.

Lehemu: aina ya mafuta yaliyomo katika damu, kolesteroli.

Michirizi ya mafuta: mistari ya manjano ndani ya ukuta wa ateri, hatua ya mwanzo ya ugonjwa.

Shinikizo la damu: nguvu ya damu inapousukuma ukuta wa mshipa, katika mazungumzo, presha.

Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo kukosa damu au kuvuja damu, ambao mara nyingi humfanya mtu apooze upande mmoja.

Kifafa cha mimba: degedege kwa mjamzito linalotokana na presha ya juu.